Mkate wa Hatua za Radostina

Sliven,
8 Mei 2019

Shangazi Ginka mpendwa,

Radostina ametembea. Miezi kumi na moja tu, na katika jengo letu zima hajatokea mtoto wa kumfikia.

Haya, sasa salamu. Hujambo huko Uhispania? Mgongo unaendeleaje, na yule bibi unayemtunza bado anakuamsha usiku? Sisi hatujambo. Plamen, baba mtoto, yuko safarini na lori lake. Mama mkwe anakohoa, lakini mdomo wake mzima.

Nilikwambia kwenye simu kwamba tumepata nafasi katika kituo cha watoto wachanga. Kabla ya hapo nilizungushwa tu. Kituoni walisema watoto wa wenye kazi hutangulia. Kiwandani wakauliza mtoto nitamwacha na nani. Mama mkwe naye husafisha shule, hawezi kukaa naye. Kisha familia moja ikahamia Ujerumani, Radostina akapata kitanda cha mtoto wao, nami wiki hiyo hiyo nikaajiriwa. Nashona mikono ya makoti. Msimamizi huiinua niliyoshona mimi wengine waione.

Sasa huko kutembea. Mimi sikuona. Ijumaa nilipokwenda kumchukua, Mama Boyan akaniita pale mlangoni, "Desi, mkate umeshaoka?"

"Mkate wa nini?"

"Wa hatua, wewe. Binti yako tangu Jumanne anazunguka chumba kizima, Boyan wangu hamfikii."

Muuguzi Velichka akamkazia macho. Kisha akaniambia polepole, "Tulinyamaza, mama. Tulitaka uone wewe kwanza."

Nikamshukuru, nikamvalisha mtoto viatu. Sikusikia kitu, Shangazi, si furaha si uchungu. Kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Mpaka leo hivyo hivyo.

Nyumbani hatembei. Namsimamisha kando ya kitanda, namwita, anakaa chini na kunitazama.

"Ametembea kwa wageni," anasema mama mkwe, "basi na mkate wakauoke wao."

"Wewe kanda unga tu, mama."

"Mkate huokwa mtoto akitembea mbele ya mama yake. Wewe umeona nini?"

Nikaendelea kumenya viazi.

Lakini tutaoka. Tutauviringisha sakafuni kama ulivyoniviringishia mimi, aufuate mpaka kwenye vitu vilivyopangwa, achague kazi yake kwa kushika kimoja. Ulisema mimi nilishika mkasi, na kweli nashona. Yeye nitamwekea kalamu, kitabu, na chombo cha daktari cha kusikilizia moyo. Mama mkwe anataka mkasi uwepo. Utakuwepo, ila mbali.

Nimechagua Jumapili. Kituo kimefungwa, kiwanda kimefungwa, hana pengine pa kwenda ila kwangu. Asipotembea, nitamshika mikono tuufuate mkate sote wawili.

Nisalimie Zlatko na mkewe huko, uwaambie nao wamealikwa. Najua ruhusa yako ya kazini ni ngumu kupata, ila kiti chako nitakiweka. Mungu akulinde, akuondolee na hayo maumivu ya mgongo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda vile vile,
Desislava

Njooni nyote Jumapili, tarehe 19 Mei, kabla mkate haujapoa.