Nguzo nyekundu za Kanyosha

Alhamisi, Bwiza. Mvua ilianza alfajiri, ikaacha, ikaanza tena. Nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichosha, na viatu vyangu vimejaa mchanga wa mto.

Naandikia kwenye duka la intaneti, ukuta mmoja na baa ambayo redio yake haizimwi. Lazima niharakishe. Umeme wa hapa hauna adabu, na saa ya kutotoka nje iko palepale, kuwe na mazungumzo ya amani kusiwe nayo.

Kwa asiyenijua: kazi yangu ni samaki. Najua, inachekesha. Miaka zaidi ya kumi tunazikana, na mimi nalipwa, nikilipwa, kufuatilia samaki mdogo mwenye ndevu anayetoka ziwani msimu wa mvua na kupanda mto Kanyosha kutaga mayai kwenye kokoto. Ni wa kwetu, wa ziwa hili na mito yake, na amebaki kidogo sana. Wachimba mchanga wamembomolea nyumba, sabuni imeua mayai, nyavu za matundu madogo zimemalizia. Mwaka jana buro, ofisi yetu ya mazingira, ilinituma nitafute kipande cha mto ambacho samaki huyu akikikosa, basi amekwisha.

Nilikipata juu kidogo ya mtaa wa Kibenga. Ni kona moja tu, maji ya magoti, kivuli, kokoto safi. Nikaizungushia nguzo ili watu wajue mpaka uko wapi. Stoo yetu ilikuwa na rangi moja, nyekundu, iliyobaki tulipopaka geti, kwa hiyo nikapaka nyekundu. Mabango ya maelezo yangefuata. Hayakufuata.

Na watu wakaacha kuingia! Hakuna aliyefua, hakuna aliyechimba, hakuna aliyetega wavu. Msimu huu nimeona mayai, kisha samaki wachanga, wembamba kama uzi, wakicheza juu ya kokoto. Niliinama pale nikalia kidogo. Nikamwandikia shefu, mkuu wangu wa kazi, kwamba wananchi wameelewa na wanashirikiana vizuri. Nilijiona mwalimu hodari.

Kumbe.

Jana nilikutana na Mama Neema kwenye njia ya juu. Ni mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, anafulia watu nguo, na zamani nilikuwa nikimkuta pale pale konani kila siku. Alikuwa na beseni kichwani, anahema. Nikamwuliza kwa nini anapanda hadi kivuko cha juu, njia ambayo hata wanajeshi hawaipendi, na mto uko mlangoni kwake.

"Mi niende pale nife?" akasema. "Pale chini kuna mabomu, dada. We auoni ile miti ya rangi nyekundu? Mutoto wa jirani alitaka kuingia, mama yake akamupiga mpaka akakojoa."

Nikamwuliza, na huku juu je?

"Uku juzi walipiga masasi. Tukalala mu matope, nguo za watu zote zikaenda na maji. Lakini risasi inaweza kukukosa. Bomu ya chini aikukosi."

Nikamwambia pole. Hilo tu. Nilisimama na nguo zangu safi za buro, nikamwambia pole, akaenda zake.

Nikapeleka habari kwa shefu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Umetega bomu wewe? Hapana. Umemdanganya mtu? Hapana. Basi nyamaza. Ukiwaambia, mwezi huu huu samaki wako watakuwa kwenye sufuria." Si mtu mbaya, shefu. Na mimi nilimkubalia. Jana jioni nzima nilimkubalia, tena kwa furaha, kwa sababu hofu ya mji huu ilikuwa imenifanyia kazi yangu bure. Naandika hilo ili nisije nikajifanya malaika.

Halafu nikawa namfikiria yule mwanamke amelala kwenye matope, ameshika beseni. Sikuweza kuendelea.

Leo asubuhi nimekwenda. Nikamwita Mama Neema na wenzake wanaofua naye, nikawaambia nguzo ni zangu, hakuna bomu, ni za kulinda samaki. Hakuna aliyeniamini. Mmoja akauliza ni nani anamwekea samaki mti wakati yeye amemzika kaka yake bila hata msalaba.

Basi nikapita kati ya nguzo mbili, na viatu vyangu miguuni.

"Dada, rudi! Yesu wangu, rudi!" Mama Neema alipiga kelele, na wenzake wakajitupa chini, mikono juu ya vichwa. Mimi niliyezipanda nguzo zile, ninayelijua kila jiwe la pale, nilitazama kila nilipoweka mguu. Hatua zile chache niliogopa kama wao. Nikafika katikati ya maji, nikasimama. Samaki wachanga walinigusa miguu. Nikageuka, nikawaona wanawake wamelala kifudifudi ukingoni, na hiyo ilikuwa kazi yangu niliyoiandikia ripoti.

Mama Neema ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuja akikanyaga pale pale nilipokanyaga mimi. Aliponifikia hakunipiga, ingawa ningemwacha anipige.

"Miezi yote ile, dada," akasema. "Miezi yote."

Mchana povu la sabuni yao lilikuwa limeshafika kwenye kokoto. Niliwabembeleza wafulie chini ya kona, waniachie kipande hicho tu. Wengine walihama, wawili walikataa. Mama Neema alihamisha beseni lake bila kuniangalia. Ng'ambo, mwanamume mwenye koleo alikuwa amesimama, anautazama mchanga.

Sijui kama wale wadogo watafika ziwani. Kona ile bado ndiyo nyumba yao ya mwisho, na bila alama itakwisha. Kwa hiyo kesho nitazing'oa nguzo nizipake upya, na nitakwenda nyumba kwa nyumba kueleza, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kuja hapa nimepita dukani kununua rangi. Muuzaji akaniuliza nataka ipi. Nikatazama makopo. Kijani ni jeshi. Buluu ni mahema ya kambi za wakimbizi. Nyeusi ni msiba, na nyeupe tunawafungia maiti wetu. Akauliza tena, kwa upole, "Ipi, mama?"

Nimetoka mikono mitupu. Katika mji huu, ni rangi gani ambayo mtu akiiona hafikirii kufa?