Kamionete Yulu ya Miti

Mudogo wangu Chanda,

Yambo sana. Unalamuka muzuri? Batoto banalamuka? Huku miye niko, bibi yangu iko, meno yangu mbili iko. Barua hii minaiandika na mukono yangu mwenyewe. Masomo sikuona, unajua, herufi nilijifunda ku plaque za namba za motokari, njo maana maandiko yangu inakimbia hivi.

Muntu wa kinga, ule anauzisha samaki na baiskeli, alinifikia na maneno yako: Mama halamuke tena ku kitanda, na kila siku anauliza, "Motokari ya Kabwe inafika?" Kweli, kwa ile motokari nilijisifu sana. Nilimwambia nitakuya kumubeba, akae mbele sawa bibi ya gouverneur. Sasa sikia, na usimusomee Mama yote.

Siku bantu balivunja maduka na makampuni, banapora, garaji kwenye nilikuwa natumika ilienda yote: bifungulo, krik ya kunyanyua gari, ata mulango. Ule alibeba mulango ku kichwa alinisalimia muzuri, "Yambo, papa!" Nikamujibu yambo. Ungefanya nini?

Nikabakia na kamionete yangu, ile motokari ya kujisifu, bwate ya gia imekufa, na krik hakuna. Bengine banatia gari yulu ya mabriki, matofali. Briki inapasuka bila kusema hodi, na muntu iko chini. Basi, matanga. Lakini Kabwe? Nikatafuta miti ya reli, ile ya zamani, mizito, nikakata bipande kumi na mbili. Unalaza mbili, unakatiza mbili yulu yake, na mbili tena, sawa nyumba ya kuku. Nguzo moja huku, moja kule, chini ya mbele ya gari, mawe nyuma ya mipira, zile tairi za nyuma. Kwa kunyanyua, tulitumika na muti murefu, bantu sita banakalia mwisho yake. Lubumbashi nzima ilikuya kuangalia. Sawa, mutaa nzima. Bantu kumi.

Na mbele ya kuingia chini, unasukuma gari na bega mara tatu. Ikicheza, usiingie. Mwansa, munungwe wetu, ni kusema mutani, iko wa jamaa ya mamba na siye wa samaki. Kutukanana njo heshima yetu. Alisema:

"Ingia, kasamaki. Ikianguka, nitakuzika, njo kazi yangu."

"We mamba, tumbo inakupeleka."

"Mamba haina haraka. Inangojea samaki ilainike."

Nikasukuma mara tatu. Haikucheza ata kidogo. Nikaingia.

Ndani ya bwate jino moja ilikuwa imevunjika. Pale nilikuwa nimekwisha kusikia ugonjwa ya Mama. Balisema kamio moja, lori ya zamani, inaozea Kasomeno, iko na pyesi, spea, sawa ile. Nikaenda na kinga, siku tatu. Nikaikuta! Nikaacha kinga kule kuwa malipo, bakanipa pyesi. Chanda, Kasomeno ni njia ya kwenu. Nilisimama pale barabarani, nikaangalia upande wa Kasenga. Ningetembea. Lakini nikasema: nifike na miguu, sawa mukimbizi? Miye, Kabwe? Nikapanda ku kamio, yulu ya mifuko ya makala, nikarudi Lubumbashi, niko naimba.

Nilikuta kamionete yulu ya miti. Motere hakuna. Mipira hakuna. Ya mbele sikubachosha ba mwizi, gari nilikuwa nimebanyanyulia miye mwenyewe. Ya nyuma balitoa na krik. Sitashangaa kama ni krik yangu. Lakini nguzo zangu hazikucheza ata kidogo. Nilisukuma mara tatu.

Tangu ile siku makamio haiende tena, basoda na bunduki banafunga njia, na magoti yangu inavimba sawa mikate. Sitakuya, Chanda. Bibi yangu iko anapikia miti ile, moja moja, sababu makala hakuna. Bukari, ile ugali yake, inanuka reli.

Unisalimie bwana yako, mushona nyavu, na mama mudogo mwenye kuuzisha bitoyo, samaki ya chumvi, na katekista mwenye kunidai ubatizo tangu zamani: mwambie ningali niko na zambi za kumaliza.

Muntu wa kinga atakupa kipande moja ya muti, nyeusi, nzito. Kitanda ya Mama, muguu yake moja ni mufupi. Baba akiwa muzima nilisema nitaitengeneza. Tia muti chini yake. Kwa kuitoa tulishusha gari chini, miye na Mwansa. Siku ile hakunitukana.

Kiisha sukuma kitanda na bega mara tatu. Haitacheza. Na Mama akiuliza tena kama motokari inafika, umwambie kipande yake moja imefika.

Miye yaya yako, kaka yako mukubwa,
Kabwe, fundi