Papa Anselme, Kosa Haikuwa mu Ampli Yako

Papa Anselme,

Ni mimi mwanafunzi wako wa kazi. Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitakuomba samahani. Ungekuwa hapa ungeniambia niweke feri chini, ile chuma ya moto ya kuunganisha waya, mpaka hasira ipoe. Lakini haupo, basi naandika vile vile, na moto wake wote.

Tangu tulikuzika, kijiji yetu Nyabiondo haijapata akili. Niliwaza labda kifo yako itawafunza kitu. Wapi! Papa Ladislas angali president wa komite ya kanisa. Angali anatembea na funguo ya depo, gala ya kanisa, shingoni, kama mbuzi mwenye kengele. Njo yeye alisimama kwenye kaburi yako akakuita "fundi mupendwa wetu". Mupendwa! Nilitazama udongo ili watu wasione uso wangu, juu nilikuwa karibu kumutemea mate.

Wiki mbili kisha, alileta muntu wa Goma jina yake Gédéon. Gédéon iko mwanaume muzima, na miwani ya jua, na jile, kizibao ya mifuko mingi. Nimechungulia ile mifuko yote. Haina hata turnevisi moja ya kufungulia skrubu. Anaitwa enjeniere, na mwenye alianza kumuita hivyo ni yeye mwenyewe. Alikuja na ampli ya dukani ya kukuza sauti, nyeusi, yenye taa za bluu zinarukaruka. Papa Ladislas alipiga makofi. Alizipigia taa makofi, Papa! Sauti ilikuwa haijatoka bado.

Ampli yako waliitupa mu depo, chini ya mifuko ya maharagi. Ile yenye transfo ulitoa mu mashine iliyoungua, ukaifunga waya upya, muzunguko kwa muzunguko, ukihesabu kwa sauti, na mimi nimekatazwa hata kukohoa. Ile yenye radiatere ya kupoza moto ulikata mu sufuria ya mke wako, akakununia mpaka ukamununulia ingine. Kasha ya mbao ya libuyu, transistor za redio za wafu. Gédéon aliizunguka mara moja, mikono mu mifuko, akasema: "Hii ni ampli ao ni kiota ya kuku?" Komite yote ikacheka. Mwenye alicheka kupita wengine ni Papa Ladislas, muntu mwenye sauti yake haifiki hata kwenye mulango, mwenye alihubiri myaka yote ile kwa nguvu ya hiyo kiota ya kuku.

Unakumbuka Pasaka yako ya mwisho. Najua unakumbuka, unaweza kufa lakini kitu kama ile hausahau. Kwaya ilikuwa inaimba, kisha krrr, krrr, sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Muntu mumoja kule nyuma akapiga kelele: "Sufuria imeiva, leteni bugali!" Kanisa nzima ikacheka, hata pasta. Papa Ladislas akakusanya vitu vyote pale pale mbele ya watu. Ulikuwa umeshika kable ya mikro, umefungua fishi, kichwa yake ya kuchomeka, na kucha, unatazama ndani. Akakunyang'anya. "Acha, muzee. Usiguse tena." Ulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nyuma yako, na haukusema neno mpaka kwenye muto. Pale ulisema tu: "Furaha, kesho tunarudilia kusude, tunaanza kwa mwanzo."

Nilikuchukia siku ile. Niliwaza: ona muzee huyu, wamemuaibisha, sasa anaenda kumalizia hasira juu yangu. Wiki nzima ulinikalisha nikisude, nikiunganisha vipande vya waya kwa étain, ile bati ya kuyeyusha. Kila moja ulitazama, kila moja ulirudisha. "Baridi. Rudilia. Baridi. Rudilia."

Nifike kwa yenye ilinifanya niandike hii barua.

Gédéon, na taa zake zote, hajamaliza ibada ya Siku ya Mungu hata moja bila krrr. Kila mara iko na sababu mupya. Siku moja ni batri. Siku ingine ni wamama wa kwaya wanashika mikro vibaya. Kisha akatufunza ati ukungu wa Masisi unaingia mu umeme. Papa Ladislas akitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ukungu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi ya mwisho, mikono chini ya mapaja, nakula ile bujinga kama chakula. Sikusema kitu. Niliwaza, acha wapasuke. Njo ile iko aibu yangu ya kwanza, nitakuja kwa ya pili.

Mwezi uliopita, watu walishuka kutoka vilima, wengi, na magodoro ku kichwa. Mu njia ya kukimbia vita, watoto walipoteana na wazazi. Wengine walifuata watu mpaka Ntoto, na familia za kule zikawapokea. Basi shemasi mumoja wa Ntoto akaandika majina yao mu kaye, daftari yake: jina ya mutoto, jina ya mama kama anaijua, na kitu chochote mutoto anakumbuka ya kwao. Akaja na piki mpaka hapa ili asome ile majina kisha ibada, ku kiwanja ya mupira. Shemasi mwenyewe alikuwa na kikohozi, sauti imeisha. Na mwenye piki alisema mvua ikianza hawatapita tena, lazima warudi mbele ya saa nane.

Kiwanja ilijaa mpaka ku miti. Mama Aline, mwenye analala sasa kwa jirani yangu, alikuwa pembeni yangu. Mutoto wake Joshua, mwenye alipotea mu ile njia, iko na myaka sita. Mama huyo alikuwa amenishika mukono juu ya kiwiko, na kila jina alibana.

Shemasi akasoma mbili, tatu. Kisha krrr. Midomo yake inaenda, sauti haitoki. Hakujua. Aliendelea kusoma, Papa! Majina yanaanguka chini pale pale, mbele ya viatu vyake, na mamia ya watu wananyoosha shingo. Muntu akalia: "Rudilia! Ulisema nani?" Watu wakaanza kusonga mbele. Kila mumoja anataka kushika kaye, asome mwenyewe. Nikaona karatasi moja inapasuka.

Na Gédéon? Gédéon alikuwa anabadilisha rangi ya taa.

Sijui nani alinisimamisha. Nilifika pale nikamuambia: "Toka." Akasema: "Dada, hii haiko sufuria yenu." Papa Ladislas akasema: "Mama Furaha, waache wenye walisoma shule wafanye kazi." Mbwa mwenye kubweka haumujibu. Nilifanya vile ulinifunza: kosa haukisii, unaifuata kutoka ku bafle yenye inatoa sauti, kurudi ku mudomo, unapima kitu kimoja kimoja. Nilichomeka simu yangu ku ampli, nikapiga wimbo. Ukatoka safi, mpaka ku miti. Basi bafle nzima, ampli nzima, batri nzima. Ile ampli ya taa haikuwa na kosa, namuachia hiyo. Ilibaki mikro na kable. Nilitikisa fishi: krrr. Muntu mwenye masikio mawili angeipata mu dakika moja. Enjeniere alikaa nayo karibu mwaka mumoja.

Na kable ilikuwa ile ya zamani, Papa. Ile ya Pasaka. Walinunua ampli kubwa, walinunua taa, kable waliona haina maana.

Nilifungua fishi.

Étain nzuri inang'aa, ulisemaka, kama jicho ya mutoto mwenye ameamuka. Ile ya ndani ilikuwa kijivu, na mabonge, waya umekaa juu yake tu kama muntu amekaa ku kiti ya wengine. Na mbele ya étain, waya ilikuwa imefungwa fundo ndogo ya kushoto. Ile fundo ulinikataza mara ngapi? "Fundo haiko kazi. Fundo ni uvivu." Hakuna muntu mu Masisi yote anafunga fundo ile. Ni mimi tu.

Nilisude ile fishi Ijumaa Kuu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusukwa nywele. Feri haikuwa imepata moto ya kutosha: baridi, vile ulisemaka. Njo ile aibu yangu ya pili: nywele!

Basi ulipoifungua Pasaka, uliiona. Ulijua. Ulisimama mbele ya kanisa yenye inacheka, ukashika kosa yangu mu mikono yako, na ulifunga mudomo.

Nilikopa mbabula, jiko ya makala, kwa mama mwenye kuuza mikate, nikaweka feri mu makala. Ile feri yako ya shaba, natembeaka nayo mu mufuko pamoja na étain. Nilikata fundo nikaitupa. Étain ilikuwa imebaki kipande kama kidole, na niliwaza vile ulitukanaka hii kitu: zamani ulibeba mawe yake ku mugongo kutoka mugodi wa Bisie, siku mbili mu pori, inaondoka kwetu kama uchafu, inarudi kama uzi wa kung'aa, na sisi tunaomba mita moja kama wagonjwa. Nilingoja feri iwe moto kabisa. Gédéon akaangalia saa yake. Angalia, enjeniere, angalia vizuri.

Nilipomaliza nilishika mikro ili nipime. Wengine wanasemaka "moja, mbili". Mimi nilisema: "Sauti ya Pasaka ilikatwa na mimi. Nilisude vibaya. Papa Anselme hakukosa kitu, na mulimucheka."

Ilitoka safi, mpaka kule kwenye miti, na ikarudi.

Unawaza walifanya nini? Walitazamana kama kuku wakiona kivuli. Kisha Papa Ladislas akaninyang'anya mikro: "Leo haiko siku ya hiyo." Hakuna mumoja alikuja kuniambia pole, ao kusema ataenda kukuomba samahani ku kaburi. Yule wa "leteni bugali" alikuwa pale. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa sandale! Watu wa namna hii njo ulikuwa unatengenezea redio bure.

Shemasi akasoma tena tangu mwanzo. Jina ya Joshua ilifika karibu na mwisho: "Joshua, mama yake Aline, anasema kwao kuna mbuzi mwenye pembe moja." Mama Aline hakulia. Aliniachilia mukono, akaketi chini mu matope, na akasema tu: "Iko moja. Ni kweli, iko moja." Kesho yake alipata nafasi ku piki ingine, na kisha siku nne alirudi naye. Joshua wamemunyoa kichwa ili apakwe dawa, na anakula kama askari. Lakini mama mwingine, mbele yetu, alingoja mpaka kaye ikafungwa. Kisha akafunga kitambaa yake vizuri akaondoka. Yule sikumufanyia kitu.

Gédéon alieleza komite ati ilikuwa "koneksio ndogo" na alikuwa karibu kuiona. Wakaamini. Wanataka sasa nifanye kazi chini yake. Niliwaambia wanipatie ampli yako na wabaki na enjeniere wao. Iko hapa ku meza. Panya walikula kipande ya mbao, na sauti iko sawa.

Lakini wewe pia, Papa. Nimedharau wote humu, sitakuruka. Ile unyamavu yako watu wataiita upole. Mimi naiita kiburi. Ungeniambia pale ku muto: "Furaha, ni wewe." Ningelia, ningerudi mbele ya kanisa, ningesema. Ulinikatalia hiyo. Ulikufa na jina chafu yenye ilikuwa yangu, na ukaniachia niikute mbele ya wamama wenye wanatafuta watoto. Nani alikuambia siwezi kubeba?

Nakupenda, na nitakukasirikia mpaka nizeeke.

Pumzika sasa. Ahadi yangu ni moja: yeyote mwenye atafunzwa kazi na mimi, siku akikosa, nitamuambia siku ile ile, kwa jina yake, jua ikiwa ingali juu. Sitakufa na kosa ya muntu mu mudomo.

Ni mimi,
Furaha