Ndege wa Rahila

Radhiya, usinipigie, Rahila yuko karibu atasikia. Soma tu.

Leo kampaka hina bibi harusi wa mtaa wa Jadida. Walitaka maua. Yeye kampaka ndege wenye nyuso za watu, mpaka kwenye viwiko.

Nyuso za watu, Radhiya. Na hina haifutiki upesi.

Mama wa bibi harusi akaniuliza mbele ya wanawake wote, "Bi Siti, mwanao ana nini?"

Rahila akasema taratibu, "Nimewaota ndege hawa, wanamsindikiza." Wanawake wakamwondokea mmoja mmoja, akabaki mkekani na bakuli lake.

Unajua hakufundishwa na mtu. Tangu mdogo anachora anayoyaota. Sasa nani atamwita tena kupaka hina?

Njia nzima nimemfokea. Alipovua baibui nyumbani nikaona mkono wake wa kushoto umejaa ndege wale wale. Wa kulia hauna kitu.

"Mbona mmoja?"

"Huu sina wa kunipaka, mama."

Mimi hina siijui. Nimemwambia alete bakuli. Nimempaka ndege mmoja, kama kuku aliyenyonyolewa. Kamtazama sana ndege wangu, kisha akafungua vidole nimalizie.