Gari la Kijiji Juu ya Mawe

Kijiji cha Bukiriro,
Ngara.
4 Machi, 1979.

Kwa kaka yangu mpenzi Pancras,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ungali mzima wa mwili, wewe na wenzako wote mlioko vitani. Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini shambani anakwenda.

Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa katibu kata. Umenishukuru kwa kumbeba shemeji Deodata mpaka mwisho, ukauliza, tena kwa upole, gari la kijiji lilikuwa wapi siku ile. Acha nikujibu.

Unalikumbuka lile Landrova kuukuu nililokabidhiwa na kijiji niliendeshe. Mwezi wa Novemba, wiki chache baada ya wewe kuondoka na mgambo, lilianza kutoa moshi wa buluu. Mwenyekiti wetu, Mzee Ndayisaba, akamwita fundi Matiasi kutoka Biharamulo. Matiasi aliutazama moshi, akashauri injini ifunguliwe na ringi za pistoni zibadilishwe, la sivyo ingetuzimikia njiani.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Mzee Ndayisaba alisita. Alisema gari linalopanda mlima na magunia kumi ya maharage si la kupasuliwa tumbo ovyo, na wagonjwa wetu hawana kingine cha kuwafikisha hospitali ya misheni Rulenge. Mwisho akanigeukia, akasema, "Wewe ndiye unayelala nalo na kuamka nalo. Je, kuna haja?" Nikajibu kwamba haja ipo, tena tusichelewe.

Likafunguliwa. Katika kulifungua gasketi ya kuziba injini ikachanika, na nyingine haikupatikana Ngara wala Biharamulo, maana vipuri vyote vilikwenda jeshini. Gari likabaki juu ya mawe nyuma ya ofisi ya kijiji.

Shemeji alishikwa na uchungu Jumanne moja ya Januari. Saa nne asubuhi mkunga Felisita alitoka nje, akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe Rulenge upesi. Tulimbeba kwa machela, watu wanane kwa zamu. Mimi nilikataa kupokewa. Njia ilikuwa tope tupu. Aliniuliza mara moja tu kama gari bado halijapona. Nikamwambia bado. Tulipofika bondeni, kabla ya kuanza kupanda upande wa misheni, alikata roho, na mtoto angali tumboni.

Hayo walikwisha kukuandikia. Ambalo hawakukuandikia, kwa kuwa hawalijui, ni hili. Gari halikuwa bovu. Matiasi alipoondoka mara ya kwanza nilipima oili, nikakuta mimi mwenyewe nimeijaza kupita kiasi. Nikaipunguza, nikapanda nalo mlima, moshi ukaisha kabisa. Nilifurahi. Kesho yake likaja tangazo kwamba magari yote mazima yapelekwe Biharamulo kubeba askari, pamoja na madereva wake. Niliogopa, kaka. Niliirudisha oili ile ile ndani, ili kamati ije kuuona moshi. Matiasi alipozitoa ringi alizikuta nzima. Alinitazama, akazifunga kwenye gazeti.

Wewe ulikwenda vitani, mimi nikajificha nyuma ya injini, na aliyelipa ni mkeo. Watu hunisifu njiani kwa kumbeba siku ile, nami huitikia.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukirudi utanikuta hapa hapa, sitavuka kwenda Burundi. Kijiji nacho nitakiambia, ila nimetaka wewe ujue kwanza.

Felisita na majirani wote wanakusalimu. Mama anakusalimu sana. Yuko hapa mlangoni anamenya ndizi. Ameniuliza mbona leo barua imekuwa ndefu, nikamwambia nakueleza habari za gari.

Ni mimi mdogo wako,
Idefonsi