Fito Kumi na Mbili za Kitanda cha Baba

Jumapili, 4 Mei

Nisamehe, daftari langu. Mara ya mwisho nilikuandikia mwanangu Bosi akiwa na jino moja. Sasa ana kumi na mawili na anauma nayo yote. Nilikusudia kila wiki, haki ya Mungu — na kila wiki nikasinzia na kalamu mkononi. Kuna ukurasa una mstari mmoja tu wa wino, umeteremka kutoka juu mpaka ukingoni. Huo ni mwezi wa pili wote. Umesimuliwa vizuri tu.

Habari yenyewe: kitanda kimefika! Kile alichotengeneza Baba, alicholalia mdogo wangu, Kitinda. (Ndevu anazo, lakini jina la kitinda mimba halimbanduki.) Amekipakia kwenye basi, vipande vimefungwa kwa kamba ya katani, fundo lile lile alilotufundisha Baba. Sikulikata. Nilikaa sakafuni nikalifungua kwa kucha.

Miaka miwili namwomba Mama. Miaka miwili jibu ni moja: wewe huna subira, utakifanya kuni. Mwezi uliopita akalegea, kwa sharti. Jumamosi hii anakuja mwenyewe, na anataka amkute mjukuu amelala ndani yake.

Randa, patasi, meza ya kazi, vyote viliuzwa Baba alipougua, na hata hivyo hakupona. Kitanda hiki ndicho kilichobaki cha mkono wake.

Na tunakihitaji kweli. Bosi anatulalia katikati, kichwa kwa baba yake, miguu kwenye mbavu zangu. Na mbavu zenyewe sasa zinapigwa pande zote mbili, kwa sababu wa tumboni naye ameanza.

Nimehesabu: nguzo nne, mbao ndefu nne, ubao wa kichwani, ubao wa miguuni, fito kumi na moja. Mbona kumi na moja? Zilikuwa sita kila upande. Nimenusa mojawapo. Bado ina harufu ya maranda ya Baba, kwa mbali.

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoka kwa dobi saa saba, mashuka mia na ushee nimeyapiga pasi, mgongo si wangu. Lakini Bosi amelala, na nilikuwa na moto wa kazi.

Mume wangu, Baba Bosi, ni mpaka rangi wa nyumba. Kwake hakuna kitu kisichopigwa msasa. Angethubutu angempiga msasa hata mama mkwe. Asubuhi aliniachia karatasi tatu za msasa mkali na maelekezo: safisha kwanza, mengine baadaye. Basi nikasafisha. Mbao ndefu zilikuwa na vanishi iliyoiva kama masizi, na kando ya matundu mikwaruzo-mikwaruzo. Nikajua ni ukorofi wa Kitinda na msumari. Nikaikwangua yote. Nikaimba!

Sasa mbao ni laini kama shavu la Bosi. Najisifu mwenyewe, maana wa kunisifu yuko kazini.

Jumanne, 6 Mei

Hakiingii. Hakuna kinachoingia!

Kila ufito una ulimi juu na chini, na kila ulimi unaingia kwenye tundu lake la mbao ndefu. Nilidhani ulimi wowote, tundu lolote. Huu mnene, ule mwembamba, mwingine umekaa upande. Nikagonga kwa kisigino cha kiatu. Ufito mmoja ukalia — ufa, urefu wa kidole.

Nikambeba Bosi mgongoni, ufito huo mkononi, hadi kwa Fundi Miwani, anayetengeneza viti nyuma ya pale kwa dobi. Akaugeuza, akautazama kwenye ncha.

"Na huyu kuku?"

Kuku gani? Akanionyesha. Kwenye ulimi wenyewe, umechorwa kwa ncha ya msumari: kuku. Akasema huyo lazima ana mwenzake kwenye mbao ndefu, kando ya tundu lake. Yuko wapi?

Nikamwambia mbao zote zimeshapigwa msasa.

"Nani kapiga msasa?"

"Mimi."

"Dada yangu. Umekwangua barua hujaisoma."

Akasema nimwachie, atatia misumari, dakika kumi kimesimama. Nikasema hapana. Akasema basi zijaribu moja moja. Halafu akajikatalia mwenyewe: hapana, ukijaribu-jaribu ndimi zitalika, kitalegea chote, mtoto atakuja kuanguka nacho. "Jua kwanza, ndipo uingize."

Nimerudi nikakagua zote. Kuku. Sufuria. Kandambili. Ngazi. Mwezi. Kitana. Kikombe. Ufunguo. Samaki. Jicho. Jani.

Hiyo michoro naijua. Ni yangu!

Nilikuwa na miaka sita. Mama yuko ndani na tumbo la Kitinda, mimi nimekaa kwenye maranda chini ya meza ya kazi. Baba alisema namba zinamchosha macho, nane na tatu anaziona ndugu. "Nipe vitu, mama. Kuku hawezi kufanana na sufuria." Nikawa nataja ninachokiona, yeye anachora mara mbili, kwenye ufito na kwenye mbao. Na kila alichochora akakiunga na cha nyuma yake, ikawa hadithi inayozunguka kitanda.

Hadithi ndiyo mpangilio. Na mimi nimeisahau.

Baba Bosi amerudi, ameona uso wangu, ameona mbao. Alizichukua karatasi za msasa zilizobaki akaziweka juu kabisa ya kabati.

Jumatano, 7 Mei

Nimempigia Mama. Bora asikie kwangu. Nikamweleza yote, msasa, kuku, ufa.

Nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo umemfuta baba yako."

Halafu ikakatika kweli.

Nimelia jikoni, Bosi ananifuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Kilikuwa na sabuni. Nikalia zaidi.

Baadaye nikampakata, nikaanza tu kumsimulia, bila kufikiri, kwa sauti ile ya Baba ya puani. Kuku kaingia kwenye sufuria. Sufuria ikaona moto, ikavaa kandambili ikakimbia. Ikapanda ngazi. Ngazi ikafika kwa mwezi. Mwezi nywele timutimu! Ukaomba kitana —

Ikatoka yenyewe! Mdomo unaijua, kichwa hakijui. Kitana kikadondokea kikombe, kikombe kikafungiwa kwa ufunguo, ufunguo ukamezwa na samaki.

Hapo ikakwama. Jicho kwanza au jani kwanza? Nikamwuliza Bosi. Akasema "Ngine." Yaani nyingine. Nimeanza upya mara tano na kila mara naishia kwa samaki.

Jumamosi ni keshokutwa. Hapana, siku tatu. Sijui hata kuhesabu tena.

Alhamisi, 8 Mei

Kitinda amepiga kabla sijatoka kazini. Nilikuwa na pasi mkono mmoja, simu begani. Mama hajala tangu jana, anasema, lakini ndiye aliyemwambia: mpigie dada yako, wewe ulilala humo miaka minne.

Na kumbe anajua! Alikuwa akilala amegeukia upande mmoja, anapapasa ile mikwaruzo kando ya matundu mpaka usingizi unamchukua. Yeye hakujua ni nini. Alikuwa na majina yake. Ya kwanza kutoka kichwani, "tundu tupu", haina kitu. Ya pili, "bawa", refu na mstari katikati. Ya tatu, "yai ndani ya yai".

Bawa ni jani. Yai ndani ya yai ni jicho. Hadithi inazunguka na kuishia kichwani, kwa hiyo: samaki, jicho, jani. Samaki alikuwa na jicho moja, akalifunika kwa jani! Nimepiga kelele, bosi wa kazini amekuja kuona nimeungua wapi.

Na tundu tupu? Hilo ndilo limenirudisha chini ya ile meza. Ufito wa mwisho. Nilitaka kutaja kitu, Baba akasema huu ni zamu yake. Akachora kwenye ulimi peke yake, kiganja kimefunika. Kwenye mbao hakuchora, kwa sababu wa mwisho hauna wa kuchanganywa nao, tundu limebaki moja. Nikamng'ang'ania anionyeshe. Akaugonga ndani, akasema nitauona nikiwa na mtoto wangu.

Nikamwuliza Kitinda ufito wa kumi na mbili uko wapi. Akacheka. Ndio ule unaoshikilia dirisha la chumba cha Mama. Miaka yote hiyo! Mama kapokea simu, kasema kwa sauti ya kukwaruza: kijiti hiki kina kitu kimechorwa mwishoni, nilidhani ni panya kang'ata. Macho yangu hayaoni. Halafu: "Umekula wewe?"

Nimekula, Mama.

Kumi na moja zimekaa, kila moja kwake, kwa kusukuma kwa kiganja tu. Fundi Miwani ameuziba ufa wa kuku kwa gundi, anasema nisigonge kitu mpaka zitimie. Kitanda kimesimama sebuleni na pengo moja. Bosi anaingia na kutoka kwenye pengo hilo kama mlangoni kwake.

Kitinda anamsindikiza Mama Jumamosi, anasema nimwandikie vitu vya kuleta, kwa simu atasahau nusu. Naandika hapa kwanza.

Nyundo ya Baba ya mbao kama bado ipo stoo. Ya chuma usilete, itaumiza ndimi.

Kile kigodoro chako cha zamani. Kianike kwanza.

Foronya mbili ndogo.

Miwani ya Mama ya kusomea. Ameiweka ndani ya kopo la sukari, usiniulize kwa nini.

Kijiti kingine, chochote, cha kushikilia dirisha, ili mkirudi msilikute limejifunga.

Na ufito. Ufunge kwa kitambaa, uushike mwenyewe, usiweke chini ya viti. Usiuoshe. Usiukwangue. Ukishaona alichochora Baba, usinipigie. Nitasubiri.