Mama Usimguse

Kaka mpendwa,

Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku hatujambo pia, ingawa tulipitia uzima wa kununiana. Nakuandikia barua kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza, na isitoshe wewe ukishika simu huongei, unahutubia.

Prosesa ya kompyuta uliyonitumia ilifika salama. Nilifanya ulivyoagiza: nikaing'oa ya zamani, nikafuta ile dawa ya kupitisha joto, nikaweka mpya, nikawasha. Feni zikavuma kama zinataka kuruka, skrini nyeusi tii. Ramani ya nyumba ya mteja imo humo ndani, na fundi wake ananiuliza kila asubuhi kama achimbe msingi kwa kukisia.

Ndipo nikakupigia. Mikono ilijaa dawa, nikaweka spika. Nawe, kwa sauti yako ya mkutanoni, ukasema mama ni mzee lakini bado anafaa, kasoro yake ni ubongo tu. Tumtie ubongo mpya, na kwingine mama nisimguse; akikataa kabisa, basi tutafute mama mwingine. Nami, kwa akili zangu timamu, nikajibu kwamba hata mimi nimemchoka, anapata moto haraka mno.

Ubao mama, kaka! Kuna ubaya gani kulitamka neno zima? Mama mwenyewe alikuwa chumba cha pili anakunja nguo.

Aliingia akauliza, taratibu, "Mrembo, huyo mama mwingine mmeshampata, au bado mnamtafuta?" Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Akafunga mkoba, akasema anahamia kwa mama mdogo, ambaye hajawahi kulalamikia ubongo wa mtu. Nikamwonyesha ule ubao unaobeba prosesa. Akasema nisimletee mabati.

Nikamwomba basi angoje aone kwa macho yake. Wakati huo nilikuwa nimeshasoma mwenyewe kile ambacho wewe, bingwa, hukunieleza: ule ubao haukuijua prosesa mpya. Ilibidi nirudishe ile kongwe, nisasishe programu ya ubao ukiwa ungali na ubongo wake wa zamani, ndipo nibadilishe. Wewe ulinitumia mgeni, mwenye nyumba hana habari. Mama alinishikia tochi, mkoba magotini. Ikawaka. Ramani ikafunguka, ngazi na vyoo vyote mahali pake.

Nikangoja acheke. Badala yake akaniambia kwamba alipotusikia hakushangaa. Alidhani tumeshagundua. Juzi juzi alipotea akitoka sokoni, njia ile ile ya miaka yote, akamfuata mwanafunzi mwenye sare za shule ya jirani mpaka akaliona geti letu. Na jina langu humponyoka, anaweza kulitafuta asubuhi nzima. Ndiyo maana siku hizi ananiita mrembo.

Nami nilikuwa nimeshaanza kujiamini.

Basi kaka, vifurushi sasa vinatosha, njoo wewe mwenyewe. Wala usinipigie kunipangia daktari gani na lini. Ukifika, kaa naye, umwambie yeye kwanza, maadamu bado anatuelewa. Asiyasikie tena kupitia ukuta.

Mkoba ameufungua. Nguo zake amezipanga vizuri sana, kabatini mwangu. Sijazihamisha.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi umwambie nguo aliyonishonea imenikaa.

Ni mimi mdogo wako,
Mrembo